Elektrisie wa Lubumbashi anapata ngapi kwa mwezi, kweli kweli?

mudogo_wa_katuba

Bakubwa salamu yenu wote. Niko na swali na naomba jibu za ukweli, si za kujionyesha. Nilimaliza elektrisite 2022, nikafanya staji miezi sita bila franga hata moja, tangu pale niko nafwata papa moja kwa mashantie (pahali pa kujenga) huku Katuba na Kalebuka, ananipa 5$ ile siku kazi iko, siku kazi haiko hakuna kitu. Sasa sosiete moja ndogo ya sutretansi (yenye kuchukua kazi ya sosiete kubwa) imeniita Kolwezi, kwa mji wa mugodi, wanasema 350$ kwa mwezi, kontra ya miezi tatu. Mama anasema enda hata leo usiku. Yaya yangu yeye anasema ni ujinga, eti elektrisie mwenye kujitegemea hapa mjini anapata 800 mpaka 1.000, juu jirani yetu alijenga nyumba kwa kuvuta nyaya tu na sasa anatembeza gari.

Nani anasema kweli? Ninyi wenye munafanya hii kazi munaingiza ngapi? Na munahesabu namna gani, kwa pwenti, kwa siku ao kwa nyumba nzima?

papa_fizible

Mwanangu, yaya yako hakudanganya lakini ukweli pia hakuusema. Mimi nilianza kuvuta nyaya 1998, mwaka moja tu kisha jina la Shaba kuondoka na Katanga kurudi, kwa hiyo nimeona bei za kila rangi.

Nakupa hesabu ya nyumba moja ya Kalebuka ambayo nimebakiza taa mbili za nje tu. Vyumba tatu, salo, jikoni, dushi, baraza. Pwenti 38, yaani kila taa, kila prizi (tundu la kuchomeka) na kila enterupteri (swichi) ni pwenti moja. Nilitaka 5$ kwa pwenti, mwenye nyumba akaanza wimbo wao wa siku zote, papa vijana wa Ruashi wanafanya na 3, tukakutana kwa 4. 38 mara 4 ni 152. Kupanga kofre (sanduku ya umeme) na disjonkteri zake (swichi za kukata umeme) 25. Jumla 177$. Hapo njo yaya yako anasimamia, anaona 177 anafikiri ni mshahara.

Sasa angalia. Kijana wa kunisaidia kuchimba ukuta, 5$ kwa siku, siku tisa, 45. Pikipiki na taxi-bus 18. Diski mbili za kukata ukuta 6, juu matofali ya siku hizi yanakula diski kama mtoto anakula biskuti. Inabaki 108, sawa na 12$ kwa siku, mtu hawezi kulia. Lakini zile siku tisa hazikufuatana! Nilipitisha matuyo ya nyaya mwezi wa tano, nikangoja fundi wa kupaka sima. Nikapitisha nyaya mwezi wa sita, nikangoja plafo (dari), na plafo ilingoja pesa, na pesa ilingoja shemeji yake aliye Likasi. Prizi nilifunga mwezi wa nane. Malipo ilikuwa mara tatu, 60, 60, na ya mwisho 57, kwa ile ya mwisho nimeona 17. 40 bado iko kwa mdomo. Kwa hiyo mpaka leo hiyo nyumba imenipa 68$, ni 7 na kitu kwa siku, na mimi njo patro!

Mwezi mzuri, wakati wa kiangazi watu wakijenga na niko na nyumba tatu zinazokwenda pamoja, nafika 450, mara moja moja 500. Mwezi wa kwanza mvua inanyesha, pesa za watu zimekwisha kwa sikukuu, naweza kufunga mwezi na 120. Ukisawazisha mwaka mzima mimi niko kama 300. Na mimi niko na majina, watu wananijua. Kijana bila jina hafiki pale.

Kinachoniokoa ni depanaji, kutengeneza umeme ulioharibika. Juzi saa mbili za usiku kisha mvua ya radi mama moja wa Bel-Air ananiita, taa zake zinawaka kama jua halafu zinalala, televizio imetoa moshi. Nikafika nikatia testere kwa prizi, upande wa kwanza inawaka, upande wa pili nayo inawaka. Ukiona hivyo jua netre (waya wa kurudisha umeme) imekatika mahali fulani, na nyumba inaweza kupokea karibu volti 380 pahali pa 220. Nikashusha disjonkteri kubwa, nikapanda kwa bwate (kisanduku) ya nje, nikakuta ile domino (kiungo cha waya) ya netre imeyeyuka, imebaki kama caramel kwa waya. Dakika 40, 15$, na alilipa pale pale bila kuzungumuza juu friza yake ilijaa nyama ya matanga. Linganisha na nyumba ya miezi minne.

mutu_ya_kolwezi

mudogo sikiliza, mi niko huku tangu miaka tatu na nilitoka paka hapo Katuba kama wewe

kwanza uwaulize 350 ni brite, mbele ya kukata, ao ni nete, kile kinabaki kwa mkono. Hii swali moja inaweza kukuokoa. Mi nilisaini 480, nikafurahi nikanunua bibi yangu kikwembe mbele hata ya kupata, mwisho wa mwezi naona CNSS (kasha ya pensheni) imekula 24 juu ni 5 kwa mia, kodi ya IPR nayo ikakula kama 56 na hapo niko na bibi na watoto tatu wenye wananipunguzia kidogo, nikabaki na 400 kavu. Nyumba ya kupanga 60. Chakula 90, na Kolwezi unga si bei ya Lubum usijidanganye, mji wa mugodi kila mutu anauza kama wewe uko na mugodi yako kwa mufuko. Inabaki 250 njo natumaka nyumbani. Basi ya kazi ni ya bure, inapita saa kumi na moja asubuyi, ukichelewa dakika mbili siku yako imeenda

pili saa za kazi. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa juma, sisi tunafanyaka zamu ya saa 12, zinazozidi wanatakiwa kulipa juu. Ile sosiete ya kwanza nilikuwa nayo ilikuwa inasahau kuandika. Nikaanza kuandika mwenyewe kwa kikaratasi kila siku, saa ya kuingia saa ya kutoka, na kapita (msimamizi) anatia sahihi. Mwezi wa pili wakalipa, bila kunipenda lakini wakalipa

tatu uombe kuona namba yako ya CNSS. Kuna wenye wanakata kwa mshahara yako halafu hawapeleki

lakini usiogope huku kuna kitu moja mjini hakuna. Mjini utafunga prizi mpaka uzeeke. Huku nimejifunza motere kubwa, varyateri (ya kubadili mwendo wa motere), makabati ya komande, namna ya kufunga kadenasi (kufuli) kwa disjonkteri na kuweka jina yako mbele ya kugusa kitu. Mutu mwenye kujua otomatisme ao kabini za tensio kubwa (volti nyingi), mushahara yake si ya kuuliza kwa watu wote kama hapa. Na wale wanakamatwa na sosiete kubwa moja kwa moja bila sutretansi wanapita mara mbili yetu, kazi ile ile, mlango ule ni mwembamba tu na una watu wake

mama_kinkayeri

Naona munahesabu pwenti na siku lakini hakuna mwanaume hapa amethubutu kusema ile ingine. Niko nauza vifaa vya umeme mjini tangu miaka kumi na mbili. Elektrisie anakuja na mteja, mteja anaangalia simu, elektrisie ananikonyezea jicho. Maana yake, mama andika bei ya juu, nitapita jioni kuchukua yangu. Kuna wenye kwa nyumba moja wanapata hapo kuliko kwa hizo pwenti zote!

Mimi siandikaka bei mbili. Ninawapa wale wanaoniletea watu kitu kidogo kutoka kwa faida yangu, mteja halipi zaidi. Wengine wananikimbia kwa sababu ya hiyo, waende.

Ubaya si komisyo, ubaya ni kwamba ukizoea komisyo utanunua paka pale penye komisyo kubwa, na pale njo penye kable mbaya. Wameandika 2,5 (unene wa waya) kwa ganda, ukishika ni laini kama uzi wa kushonea. Chukua kisu ukwangue ule wekundu wa juu, ndani unakuta nyeupe, ni aluminyo wamepaka shaba. Sisi wa mji huu! Tunakalia shaba, treni na makamyo zinabeba shaba mbele ya macho yetu, halafu tunanunua waya umepakwa shaba kama kucha za arusi. Mwaka jana mteja alinirudishia kipande cha waya kilichoungua kwa prizi ya pasi, nikamuonyesha faktire yangu, hakukuwa kwangu. Fundi wake alinunua pahali pengine akaleta ganda na karatasi yangu. Huyo fundi hapati tena kazi mtaa ule wote, ile pia iweke kwa hesabu ya mshahara.

Na tena kubalianeni pesa gani mapema. 2025 dola ilikuwa 2.800 na kitu ikashuka mpaka 2.200 na kitu ndani ya muda mfupi. Mafundi waliochukua devi (bei ya kazi) kwa dola na wananunua unga kwa franga, niliwaona sura zao hapa kwa kontwari.

kabwela243

Mimi nauliza kitu kimoja tu, ile 40$ iliyo kwa mdomo, papa ulishaiona?

papa_fizible

@kabwela243 bado. Usinipandishe damu.

@mama_kinkayeri maman una haki kuhusu kable. Kuhusu jicho, mimi naleta mteja kwa duka na ninaacha yeye mwenyewe alipe, mimi nashika tu karatasi ya devi. Lakini sitasema sijawahi kukonyeza, 2009 nilikuwa na mtoto hospitalini.

yaya_batri

Munabishana bei ya pwenti na umeme wenyewe hauko, hehe. Hapa kwetu Kasapa juma hili tumeona taa usiku mbili. Ukienda kusoma utakuta bwawa la umeme la Nzilo ni la 1952, Nseke 1956, line ya umeme kutoka bwawa la Inga inatembea karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi tangu 1982, Busanga imekuja juzi juzi, maji yote hayo yanageuka umeme na mimi napika na makala. Hasira iliisha nikafanya biashara nayo.

Niko mwanamke elektrisie, nilijifunza kwa shule ya ufundi INPP, na kwa nyumba nilikuwa nateseka, mteja anakutazama kisha anauliza fundi yuko wapi. Kwa soleri, umeme wa jua, hawaulizi, juu wengi wa wanaume nao hawajui. Kazi yangu ya kawaida ni onduleri (mashine ya kugeuza umeme wa batri uwe wa nyumba) ya 5 kVA, pano nane za jua, batri ya litiumu moja. Kwa mikono tu nachukua 250, siku mbili, msaidizi nampa 30, usafiri na ngazi ya kukodi 20, inabaki 200 safi. Mwezi mzuri nafanya tatu. Mwezi mwingine hakuna hata moja, nakula zile za mbele. Kwa hiyo usiandike 600 ukaenda kuoa.

Na pesa hiyo ina meno. Kazi yangu ya pili kabisa nilikuwa na haraka, giza linaingia, mteja amesimama nyuma yangu anauliza imekwisha, nikageuza plis na muen (+ na -) za batri. Nilisikia paf moja ndogo, hata si kelele, na harufu ile ya kipande cha elektroniki kuungua ambayo huisahau. Onduleri ya 600$. Nililipa miezi tano. Tangu siku ile naweka skochi nyekundu na nyeusi kwa ncha za waya mbele ya kupanda juu ya nyumba, napima na multimetre, napima tena, na mteja nafukuza aende kunywa chai.

Jambo lingine, mutu asikudanganye kwamba disjonkteri ya nyumba inaweza kukaa kwa upande wa pano. Ule ni umeme wa kontini, wenye kwenda upande moja tu, ukikata unachora moto katikati na moto hauzimiki kirahisi kama ule wa alternatifu, wa nyumba. Nunua ya kontini. Ninaona kazi za watu kila juma, zimefungwa na disjonkteri ya jikoni, ninapiga picha tu.

Kwa hiyo mudogo kama unauliza pesa ya elektrisie wa Lubumbashi iko wapi leo, mimi nasema iko juu ya bati.

mutu_ya_kolwezi

@yaya_batri iko juu ya bati lakini mutu wa 5$ kwa siku atanunua multimetre ya kweli na ngazi na klemu na nini? Alete pesa kutoka wapi? Watu wa soleri munasahau mulianza na nini

yaya_batri

Nilianza na likelemba, kuchanga pesa kwa zamu, ya wanawake kumi na mbili, 20$ kila mutu kwa mwezi. Zamu yangu ilifika mwezi wa tisa. Ni kweli si kila mutu anayo.

mudogo_wa_katuba

Aksanti bakubwa na wamama, sikutegemea mungeandika hivi. Leo asubui nimeita ile sosiete nikawauliza kama mukubwa wa Kolwezi alinifundisha. 350 ni brite. Wakaniambia hivyo kwa sauti ya chini kama vile nimewakamata. Wanatoa kulala, chumba cha watu wane, chakula ni kwangu. Viatu na glovu wanatoa lakini wanakata kwa mwezi wa kwanza, hapo sikuelewa vizuri juu ni vyao ao ni vyangu?

Nimepiga hesabu. CNSS 17 na nusu, IPR sina bibi sina mtoto kwa hiyo inakula yote, kama 41, inabaki kama 290. Nikitoa chakula 90 nabaki na 200. Hapa Katuba mwezi uliopita nilifanya siku 14, ni 70$, na nilikula kwa mama.

Yaya yangu nimemuonyesha hii yote. Alisoma ya papa, akanyamaza, akasema lakini jirani ana gari. Nikaenda kumuuliza jirani mwenyewe. Alicheka sana. Gari ni ya shemeji yake, iko kwake juu ile parsele (kiwanja) ya shemeji haina ukuta.

mutu_ya_kolwezi

🤣🤣🤣

viatu: sheria inasema vifaa vya kukinga ni juu ya mwenye kazi, lakini kwa mwezi wa kwanza usianze na vita, waambie waandike kwa karatasi kwamba wamekata na ni ngapi. Karatasi inaogopesha kuliko kelele. Ukifika niandikie kwa inboksi, nitakuonyesha wapi mama moja anauza bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ya franga ya kawaida

mama_kinkayeri

Mwanangu mbele ya kwenda pita dukani, nina multimetre, si ya mchezo, utaniletea nusu sasa nusu ukipata mshahara wa kwanza. Ile ya 5$ inauzwa barabarani usiitie kwa 380 tafadhali, nimeona mkono wa mtu.

papa_fizible

Enda Kolwezi, mwanangu. Mimi sikuandika yote yale ili ubaki. Miezi tatu si ndoa, ukiona saa zinasahaulika kuandikwa unarudi. Motere sikujifunza ujana wangu, na sasa mteja akiniita kwa pompi ya trifaze namuita mtu mwingine tunagawa.

Ila usiende mbele ya jumamosi. Zile taa mbili za nje za Kalebuka, mwenye nyumba ameniambia leo kwamba siku zitawaka njo siku atalipa ile 40. Ni ngazi ya juu na magoti yangu hayapendi tena. Kuja saa moja asubui, vaa viatu si ndala, 8$ yako iko pale.

kabwela243

Mudogo, ya kwako ichukue mbele ya kupanda ngazi.